Kigeuzi Nyuma ya Leso

Kisanduku kikubwa kilishinda, na hapakuwa na ubishi. Tulikuwa watu wanne katika duka la fundi wa mitambo ya sauti mjini Machakos, ghorofa ya kwanza, dirisha likitazama milima ya Iveti. Sote tulikubaliana kwamba kisanduku kile cha alumini, kizito kama tofali, kilitoa besi iliyoshiba na gitaa lililokuwa kana kwamba limekaa nasi pale benchini. Adapta ya simu, kijiwaya kisichozidi urefu wa kidole, ilitoa wimbo uleule ukiwa umekonda. Kisanduku ni cha bei ya mtamba. Adapta ni bei ya kuku wawili wa kienyeji.

"Umesikia besi ilivyokaa?" fundi aliniuliza.

Nilikuwa nimeisikia. Ningeapa mahakamani.

Wimbo wenyewe ulikuwa benga ya Kikamba ya mwisho wa miaka ya 1970, iliyonakiliwa kutoka kwenye santuri ndogo ya kasi ya 45, ile ambayo wimbo huanza upande mmoja na kumalizikia upande wa pili. Mwenye santuri, mzee mmoja, alikuwa ameketi kando yangu, kofia juu ya goti. Katika wimbo ule ni yeye aliyepiga gitaa la solo. Alikuwa ameleta santuri zake ndani ya gunia ili ziingizwe kwenye kipakatalishi kabla hazijaliwa na vumbi, na fundi alitaka kumwonyesha kwamba kazi yake itasikika vizuri zaidi kupitia kifaa cha maana. Wa nne alikuwa mpwa wa fundi, mwanafunzi wa shule ya upili aliyekuwa likizoni.

Vifaa vile viwili, kwa tofauti yote ya uzito na bei, hufanya kazi moja. Muziki ulio ndani ya simu au kompyuta ni namba tupu. Kwenye CD sauti hupimwa mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa kiwango kimoja kati ya viwango 65,536. Spika haielewi namba. Inaelewa umeme unaopanda na kushuka. Kinachosimama katikati na kurudisha namba kuwa umeme ni kigeuzi, ambacho wauzaji hukiita DAC. Kimo ndani ya kila simu, kila runinga, kila redio ya gari inayosoma flashi. Wengi hudhani umeme unaotoka humo una umbo la ngazi, na kwamba kifaa ghali huziparaza ngazi hizo zikawa laini. Sivyo. Mwishoni mwa kigeuzi kuna kichujio, na wimbi linalotoka ni laini tayari. Mwaka 1949 Claude Shannon alithibitisha kwa hesabu kwamba vipimo vikichukuliwa kwa kasi inayozidi mara mbili ya mtetemo wa juu kabisa uliomo kwenye sauti, wimbi lote hurejea kamili, hata sehemu zilizo katikati ya kipimo na kipimo.

Basi besi ile tuliyoisikia ilitoka wapi?

Mpwa ndiye aliyeshika mita. Ilikuwa ile mita ya kawaida ya mafundi, ya rangi ya manjano, yenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Tulicheza mlio mmoja wa hezi 400 kupitia kila kifaa, naye akagusisha nyaya kwenye tundu la kutokea. Kwa kisanduku ilisoma volti 2. Kwa adapta ilisoma volti 1.

Tofauti hiyo ni desibeli 6. Kwa maneno mengine, muda wote ule tulikuwa tukilinganisha wimbo uliopandishwa sauti na wimbo ulioteremshwa. Na sikio la binadamu lina tabia iliyopimwa tangu 1933, Harvey Fletcher na Wilden Munson walipochapisha michoro yao huko Marekani: sauti ikiwa ya chini, besi hutupotea kwanza, ikipandishwa, besi hurudi kwa kasi kuliko sauti za katikati. Ongeza sauti kidogo tu, kiasi ambacho mtu hatasema "imeongezwa", naye atasema "imenoga". Muuzaji anayejua siri hii hahitaji kudanganya. Anahitaji kidole kimoja tu kwenye kitufe.

Hapa ndipo penye mgogoro ambao umewagawanya wapenda sauti duniani kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1962 Mmarekani J. Gordon Holt alianzisha jarida la Stereophile akiwa amechoshwa na wahakiki waliosoma namba za maabara na kutangaza kwamba kila amplifaya ni sawa na nyingine. Yeye alisema kifaa cha muziki kihukumiwe kwa kusikilizwa. Lilikuwa dai la haki, maana mita za wakati ule zilipima machache, na kifaa kingeweza kupita mtihani wa maabara kisha kikachosha masikio. Lakini mlango alioufungua ulipitiwa na wengi, wakiwemo walioandika kurasa nzima kuhusu ladha ya waya. Mwaka 2007, mwishoni mwa maisha yake, Holt mwenyewe alilalamika hadharani kwamba fani hiyo ilipoteza heshima kwa kukataa majaribio ambayo msikilizaji hajui anasikiliza nini.

Upande wa pili wana mita, na mita za leo si za 1962. Kipimo kinachotajwa sana ni rahisi kukieleza: kifaa hupewa mlio mmoja safi wa hezi 1,000, kinachotoka huchujwa ili mlio wenyewe uondolewe, kisha huangaliwa kilichobaki, yaani uchafu ambao kifaa kimeongeza, uwe mvumo au milio isiyokuwepo. Kifaa cha desibeli 100 kimeacha uchafu wa sehemu moja kwa laki moja. Cha desibeli 120, sehemu moja kwa milioni. Adapta za simu zilizo nzuri hukaribia hiyo 100. Santuri yenyewe, ikiwa mpya na sindano ikiwa nzuri, haifiki 75. Mchakaricho wa santuri ya mzee, iliyochezwa kwenye harusi za miaka mingi, ni mkubwa mara nyingi mno kuliko uchafu wa kigeuzi chochote kilichokuwa pale mezani.

Nitasema wazi nilipo. Naamini mita. Lakini siamini kwamba anayesema "nasikia tofauti" ni mwongo au mjinga. Anasikia kweli, kwa sababu usikivu haukai masikioni peke yake. Macho, bei, uzito wa kisanduku mkononi, vyote huchangia kile ambacho ubongo unakileta kama sauti. Floyd Toole na Sean Olive walilionyesha hilo mwaka 1994 kwa spika: wasikilizaji walewale, baadhi yao wazoefu, walitoa alama tofauti walipoziona spika na walipozibwa wasizione. Kumwambia mtu apuuze anachokiona ni kumwomba asichoweza. Dawa ni kumwondolea cha kuona.

Wakulima wa Kangundo na Matungulu, katika kaunti hii, hawahitaji kufundishwa jambo hili, kwa sababu kahawa yao hupitia njia hiyohiyo. Kwanza kuna chekeche. Punje hupitishwa kwenye matundu ya vipimo maalumu, na hapo ndipo yanapopatikana madaraja ya AA, AB, PB na wenzake. Hicho ni kipimo kisicho na upendeleo, na mkulima anakijua. Lakini chekeche halijui ladha, na punje ya AA inaweza kuwa na harufu ya gunia lililolowa. Kwa hiyo kuna mwonjaji. Vikombe hupangwa mezani kwa namba, maji ya moto humiminwa, naye huvuta kijiko kwa mvuto wa ghafla unaosikika chumba kizima, akatema, akaandika. Mwonjaji makini haambiwi kikombe kipi kimetoka kiwanda kipi mpaka amalize kuandika. Hakuna anayesema kwamba kumficha jina ni kuutukana ulimi wake. Ulimi huo ndio unaoheshimiwa kiasi kwamba hauachwi usukumwe na jina.

Sikio nalo linastahili heshima hiyo.

Tukamwomba mama wa duka jirani leso, tukaitundika kwa pini za nguo katikati ya chumba. Fundi alipanga kipakatalishi kipeleke wimbo kwa vigeuzi vyote viwili kwa wakati mmoja, akaunganisha swichi ya njia mbili, kisha akapunguza sauti ya kisanduku mpaka mita ikasoma volti 1 pande zote. Mpwa aliketi nyuma ya leso na sarafu ya shilingi 20. Ikiangukia upande wa ndovu, atacheza kisanduku. Upande wa nembo, adapta. Kabla ya kila raundi alicheza vyote viwili kwa kuvitaja, halafu akarusha sarafu, akacheza kimoja bila kutaja, nasi tukaandika. Tulikubaliana asiseme neno jingine, asikohoe, wala asichungulie nyuso zetu. Raundi 16.

Kwa nini 16? Kwa sababu anayebahatisha tu atapata karibu nusu, na kuna haja ya kujua ni wapi bahati inakoma. Kupata 12 au zaidi kati ya 16 kwa kubahatisha hutokea chini ya mara 4 katika majaribio 100. Kwa hiyo tulikubaliana, kabla ya kuanza, kwamba 12 ndiyo alama ya kusema mtu amesikia.

Fundi alipata 9. Mimi 7. Besi ile niliyokuwa tayari kuiapia ilikuwa imetoweka kabisa. Kwa raundi mbili tatu nilihisi nimeishika, nikaandika kwa uhakika, na karatasi ilipofunguliwa nilikuwa nimeishika kinyume. Fundi alisema wimbo haukumfaa, akachagua mwingine anaoujua kama njia ya kwao, akarudia raundi zote 16. Alipata 6.

Hatukugundua kipya. Mwaka 2007 Brad Meyer na David Moran wa Boston walichapisha jaribio ambalo ndani yake sauti ya ubora wa juu zaidi ilipitishwa, bila wasikilizaji kujua, kwenye kifaa kinachoishusha hadi kiwango cha CD. Katika majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276, yaani sawasawa na kurusha shilingi. Haki inadai nitaje na la pili: mwaka 2016 Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, alijumlisha tafiti 18 za aina hii na kupata asilimia 52.3 ya majibu sahihi, zikiwemo tafiti ambazo wasikilizaji waliofunzwa walifanya vizuri zaidi ya hapo. Kwa hiyo pengine kuna kitu. Lakini ni chembe, na huonekana kwa aliyefunzwa, katika chumba kimya. Anayekuambia tofauti ni ya usiku na mchana alikuwa akiangalia kifaa.

Mzee alipata 8. Ila yeye, mnamo raundi ya kumi hivi, alikuwa ameacha kujali mashindano. Aliandika kwa kutimiza wajibu, kichwa kimeinama, vidole vya mkono wa kushoto vikitembea juu ya goti. Tulipomaliza alisema:

"Kijana, mimi sioni tofauti ya hivyo vyombo vyako. Vyote vinakosea sawa. Gitaa langu halikuwa juu hivyo."

Fundi alijibu kwa adabu kwamba santuri ni ya zamani, labda kumbukumbu nayo ni ya zamani. Mzee hakukasirika. Aliomba gitaa lililokuwa limetundikwa ukutani likisubiri matengenezo, akalikaza nyuzi kwa kufuata programu kwenye simu ya mpwa, akaomba wimbo uanze upya. Akapiga utangulizi wake. Haukukutana na ule wa santuri. Akasogeza kidole hatua moja juu, akawa amepita. Akarudi, akawa hajafika. Wimbo ulikuwa umekwama katikati ya hatua mbili, mahali ambapo gitaa halina kitu.

"Hata mwimbaji," alisema, "marehemu sauti yake ilikuwa nzito. Hapa mmemfanya kijana."

Hilo peke yake halikuwa ushahidi wa kutosha. Bendi za wakati ule zilikaza magitaa yao kwa kusikilizana, si kwa programu ya simu, na zingeweza kukaa juu au chini ya kiwango cha leo bila kosa lolote. Lakini maneno yake yalituonyesha mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amefikiria kupima. Tulibandika kikaratasi cheupe ukingoni mwa santuri, tukaiweka kwenye kinanda cha santuri kilichotumika kuinakili, mpwa akawasha saa ya simu, nasi tukahesabu kwa sauti kila kikaratasi kilipopita. Kwa dakika mbili, santuri ya kasi ya 45 inapaswa kuzunguka mara 90. Tulihesabu 93.

Mizunguko mitatu zaidi kwa dakika mbili ni asilimia 3 na kitu. Kimuziki, inapandisha kila noti kwa zaidi kidogo ya nusu ya hatua moja ya gitaa. Kati ya hatua na hatua, palepale vidole vya mzee vilipokuwa vimekwama.

Tazama kilichotokea. Vigeuzi viwili, kimoja cha mtamba na kimoja cha kuku, vilitoa kwa uaminifu mkubwa kosa lilelile. Mita ya maabara ingevipa alama za juu vyote viwili, na ingekuwa sahihi, kwa sababu swali la kasi ya kinanda halimo kwenye karatasi ya vipimo vya kigeuzi. Sikio ndilo lililolikuta kosa. Lakini halikuwa sikio la mtu anayetafuta ladha ya alumini. Lilikuwa sikio la aliyekuwepo studioni, linalojua kitu mahususi kuhusu wimbo mahususi. Hata hivyo sikio hilo lisingeweza kutuambia ni asilimia 3 au 5, wala kama lawama ni ya kinanda au ya kumbukumbu. Kikaratasi na saa ndivyo vilivyosema.

Hili si jambo dogo katika kaunti hii. Matungulu na vijiji vinavyotazama mlima Kilimambogo ndiko jina la Kilimambogo Brothers lilikochukuliwa, bendi ya Kakai Kilonzo, aliyezaliwa mwaka 1954 na kufariki 1987, aliyeimba pia kwa Kiswahili ili nyimbo zake zivuke mipaka ya Ukambani. Bendi za Kalambya, Kyanganga na nyingine nyingi zilitoa santuri nyingi mno. Ketebul Music ya Nairobi, chini ya Tabu Osusa, imefanya kazi kubwa ya kuandika na kuhifadhi historia ya benga tangu ilipotoa "Retracing the Benga Rhythm" mwaka 2008. Lakini santuri nyingi bado zimo kwenye magunia, chini ya vitanda, na zinaingizwa kwenye kompyuta mojamoja na vijana katika maduka kama hili. Kila moja ikiingizwa kwa kasi isiyo yake, kijana wa kesho atajifunza benga iliyo juu na ya haraka kuliko ilivyopigwa, na atakapokuja kuuliza, wazee waliojua watakuwa wamekwisha ondoka.

Katika kuhifadhi, kigeuzi kinachohitajika ni cha upande wa pili, kinachofanya umeme wa sindano uwe namba. Hapo mimi nasimama na mita bila kusita. Chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, kinashauri kunakili kwa kiwango kisichopungua vipimo 48,000 kwa sekunde na biti 24, na kinataja kwa namba jinsi kigeuzi cha kunasia kinavyopaswa kupimika maabarani. Hakisemi kiwe kimemfurahisha nani. Ni sawa hivyo. Atakayesikiliza mwaka 2075 hayupo chumbani leo kutoa maoni, na santuri inayopoteza vipande kila sindano inapopita haitasubiri tubadilishe mawazo.

Kwa upande wa kusikiliza, namwambia kila kijana wa Machakos anayeweka akiba kwa ajili ya kigeuzi cha bei ya mtamba, na kila kanisa lililoshauriwa kununua kimoja: hakikisha kifaa ulicho nacho hakina kasoro iliyopimika, kisha peleka pesa kwenye spika, maana huko tofauti ni kubwa na husikika hata nyuma ya leso. Nunua sindano mpya. Ukisikia mvumo mzito chaja ya kipakatalishi inapochomekwa, usilaumu kigeuzi; tazama waya wa ardhi kwanza. Mvumo wa namna hiyo haumo kwenye karatasi yoyote ya vipimo, kwa sababu maabara haitumii chaja yako wala soketi yako. Ni kazi ya sikio kuukuta.

Chini ya kinanda cha fundi kulikuwa na tundu dogo, na ndani yake skrubu ya kurekebisha kasi. Aliizungusha kwa bisibisi ndogo ya saa, pumzi ameibana. Tukahesabu tena: 91. Akaigusa kidogo zaidi. Tukahesabu: 90. Akaunakili wimbo upya, kisha akaucheza tangu mwanzo kupitia ile adapta, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa imebaki imechomekwa.

Mzee alipiga utangulizi wake mara moja, pamoja na gitaa lake mwenyewe la miaka zaidi ya arobaini iliyopita, na yale magitaa mawili yakaungana kiasi cha kutotambulika lipi ni lipi. Aliimba neno moja au mawili ya kiitikio kwa sauti ya chini. Kisha akaweka gitaa, akaliburuta gunia karibu na mguu wake, akatoa santuri ya pili, akaipangusa kwa mkono wa shati. Mpwa alikuwa amekwisha kata kikaratasi kingine.